Miiko na desturi za wachezaji wa baleti kabla ya kupanda jukwaani: je, ni ushirikina?

MamaImani_Nairobi aliuliza:

Wanajamvi, habari za jioni. Binti yangu ana umri wa miaka 14 na amejifunza baleti tangu utotoni. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, amepewa nafasi ya kucheza kwa ncha za vidole katika onyesho la Desemba hapa Nairobi. Furaha yetu ni kubwa, lakini kadiri siku inavyokaribia ndivyo ninavyoshuhudia mambo nisiyoyaelewa, na kwa kuwa humu wamo watu waliofanya kazi katika kumbi za Ulaya, nimeona niulize kabla ya kuhukumu.

Kila siku ni lazima avae kiatu cha kushoto kabla ya cha kulia, na akikosea huvua vyote viwili na kuanza upya. Akishavishonea tepe zake, hataki mtu mwingine aviguse viatu hivyo. Nilipomtakia kila la heri kabla ya onyesho la majaribio, alinisihi nisiyarudie maneno hayo, akaniambia kwamba wachezaji hutakiana neno moja la Kifaransa ambalo, nilipotafuta maana yake, niliona haya kulitamka. Maua niliyompelekea kabla hajacheza aliyaacha nje ya chumba cha kuvalia. Kaka yake amekatazwa kupiga mluzi ndani ya ukumbi. Zaidi ya hayo, ana pini ya nywele aliyoivaa katika onyesho lake la kwanza, na sijapata kumwona akipanda jukwaani bila pini hiyo kichwani.

Mama yangu mzazi, ambaye ni mzee wa kanisa, ametamka waziwazi kwamba huu ni ushirikina usio na tofauti na ule wa kamati za ufundi za klabu za mpira, ambazo huamuru timu iruke ukuta kwa kuogopa mlango. Mimi sitaki kumvunja mtoto moyo wiki chache kabla ya onyesho, na wakati huohuo sitaki alelewe katika hofu ya pini. Naomba anayejua asili ya mambo haya anieleze yametoka wapi, na kama yapo ya kumwachia na ya kumwachisha.

Zuhura_Berlin alijibu:

Mama Imani, hongera kwa binti. Nilicheza kwa miaka mingi katika kundi la baleti la ukumbi mmoja nchini Ujerumani, na sasa ninafundisha. Nitaanza na viatu, kwa sababu anayekielewa kiatu hataogopa sehemu kubwa ya hayo uliyoyaona.

Kiatu cha kuchezea kwa ncha za vidole hakina chuma wala mbao ndani yake, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Ncha yake ni matabaka ya kitambaa kigumu na karatasi yaliyoshikanishwa kwa gundi, na chini ya unyayo umelazwa ubapa wa ngozi au karatasi ngumu unaoubeba upinde wa mguu. Satini inayoonekana ni kifuniko tu. Gundi hulainika kwa joto na jasho, na ndiyo maana mchezaji wa nafasi kuu anaweza kuimaliza jozi nzima katika onyesho moja. Halafu kuna jambo ambalo wazazi hawaambiwi: kwa desturi, viatu hivi hutengenezwa bila kutofautisha cha kulia na cha kushoto. Mchezaji mwenyewe huvijaribu na kuamua kipi kitakaa mguu upi, na kuanzia siku hiyo kila kimoja hukunjika kwa kuufuata mguu wake. Vikibadilishana katika giza la pembeni mwa jukwaa, kifundo cha mguu kimo hatarini. Kwa hiyo mtoto anayeanza na cha kushoto kila siku, bila kukosa, amejiwekea utaratibu wa kutovichanganya, hata kama yeye mwenyewe anadhani ni jambo la bahati.

Kadhalika na kukataa visiguswe. Kiatu kipya ni kigumu na kina kishindo. Hupigwa ukutani au kwa nyundo ili kisisikike mbele ya watazamaji. Hukunjwa kwa mikono au kwa kubanwa na mlango. Soli hukwaruzwa kwa kisu ili isiteleze. Ncha hushonewa uzi mzito kuizunguka. Miisho ya tepe huunguzwa kidogo kwa moto ili isifumuke. Mchezaji hushona mwenyewe kwa sababu tofauti ndogo tu ya mahali pa utepe huamua kama kisigino kitachomoka katikati ya mruko. Kazi hiyo hula saa nyingi za maisha yetu, na mtu anayekuja kukishika kiatu akakikunja kwa udadisi anaweza kuiharibu kwa dakika moja. Katika kampuni ya Freed ya London, iliyoanzishwa mwaka 1929, kila fundi hupiga alama yake kwenye soli, na wachezaji huagiza viatu vya fundi yuleyule mwaka baada ya mwaka, mara nyingi bila kuwahi kuonana naye. Fundi anapostaafu, kwa wachezaji wake huo ni msiba wa kweli, kwa kuwa mkono mwingine hautoi kiatu kilekile.

Nenda katika chumba cha kuvalia usiku wa baleti ya Swan Lake na utaona jozi kadhaa zimepangwa mstari mmoja juu ya meza. Mchezaji mmoja hucheza nafasi mbili: Odette, binti aliyegeuzwa batamaji, na Odile, anayemlaghai mwana wa mfalme. Kwa Odette wengi huchagua viatu vilivyokwisha kulainika, visivyo na sauti. Kwa Odile huchagua vigumu zaidi, kwa sababu ndiye anayepiga ile mizunguko 32 juu ya mguu mmoja ambayo Mwitalia Pierina Legnani aliiingiza katika baleti hiyo mjini Saint Petersburg mwaka 1895. Anayezisogeza jozi zile hazungumzwi naye vizuri, na sioni ushirikina wowote katika hasira hiyo.

Pembeni mwa jukwaa utakuta pia kisanduku cha utomvu mkavu wa msonobari. Tunausaga kwa ncha na visigino vya viatu ili tusiteleze. Kila mmoja ana mpangilio wake, wa kulia kwanza au wa kushoto kwanza, mara mbili au mara tatu, na wapo wanaorudi kisandukuni hata wakati viatu vyao vimejaa utomvu tayari. Hapo ndipo kazi inapoishia na hofu inapoanza, na nakiri kwamba mpaka huo hauonekani kwa urahisi.

Kuhusu salamu: neno hilo la Kifaransa lina maana ya kinyesi, na simulizi inayopendwa na wachezaji ni ya Paris, zama ambazo watu matajiri walifika kwenye opera kwa magari ya farasi; samadi ikijaa mbele ya ukumbi, watazamaji ni wengi. Warusi huwa na salamu iliyotoka kwa wawindaji wa zamani, ya kumtakia mwenzako asirudi na unyoya wowote, na anayeambiwa hujibu kwa kumpeleka aliyemsalimu kwa shetani. Wajerumani hutoa mlio wa kutema mate mara tatu juu ya bega la mwenzao. Kote huko kuna sharti moja: usijibu asante. Wazo lao ni kwamba heri ikitajwa kwa sauti huamsha kijicho, kwa hiyo inafichwa ndani ya neno baya. Mama yako, mtu mzima wa huku kwetu, najua analifahamu wazo hilo hata kama halikubali, kwa sababu mtoto mchanga mzuri hasifiwi ovyo mbele ya wageni.

Fundi_wa_Taa alijibu:

Shikamoo Mama Imani. Dada Zuhura ameeleza ya viatu. Mimi ni fundi wa jukwaa, naomba nieleze ya jukwaa lenyewe, maana miiko mingi ya wachezaji waliirithi kwetu sisi mafundi.

Mluzi hukatazwa kwa sababu mandhari za kumbi za zamani za Ulaya zilipandishwa na kushushwa kwa kamba na makapi, kazi ambayo, kama inavyosimuliwa katika kumbi hizo, ilifanywa na mabaharia waliozoea kuamrishana kwa mluzi. Mtu aliyepiga mluzi kwa starehe zake angeweza kushushiwa gogo kichwani. Siku hizi tunawasiliana kwa vifaa vya masikioni, lakini mwiko umebaki, na mimi binafsi nafurahi umebaki, kwa sababu ukimya wa nyuma ya pazia bado unaokoa watu. Maua yana sababu ya namna hiyohiyo: petali moja yenye maji juu ya sakafu ya kuchezea yatosha kumwangusha mtu, na wachezaji husema pia kwamba hongera haipokelewi kabla ya kazi. Mpelekee baada ya pazia kufungwa. Atayapokea kwa mikono miwili. Ipo pia taa moja inayoachwa ikiwaka katikati ya jukwaa usiku kucha, ambayo wengine huihusisha na mizimu ya ukumbi. Aliyewahi kuingia ukumbini gizani na kuhisi ukingo wa shimo la orkestra chini ya kiatu chake hahitaji mzimu ili aipende taa hiyo.

Ningependa mjue pia kwamba hofu ya wachezaji ina makaburi ya kweli. Katika karne ya 19 majukwaa yaliangazwa kwa mafuta na baadaye kwa gesi, ndimi za moto zikiwa wazi, huku wasichana wakivaa marinda mapana ya kitambaa chepesi kinachoshika moto upesi sana. Clara Webster aliungua jukwaani katika ukumbi wa Drury Lane, London, mwaka 1844, akafa. Lakini kisa ambacho wachezaji hawakisahau ni cha Emma Livry wa Paris. Alianza kucheza nafasi kuu mwaka 1858, akiwa na miaka 16, katika La Sylphide, baleti ileile iliyompa umaarufu Marie Taglioni mwaka 1832. Taglioni mwenyewe alimchukua kuwa mwanafunzi wake na mwaka 1860 akamtungia baleti iitwayo Le Papillon, yaani Kipepeo, ambamo kipepeo anavutwa na mwenge hadi mabawa yake yanaungua.

Wakati huo ilikuwapo dawa ya kulowekea maleba ili yasishike moto, na serikali ilikwisha kuagiza itumiwe. Dawa hiyo iliyakakamaza marinda na kuyafanya yawe na rangi chafu, na Livry, kama wenzake wengi, aliikataa. Novemba 1862, katika mazoezi ya opera moja, rinda lake liliguswa na moto wa gesi. Aliishi kwa mateso miezi minane, akafariki Julai 1863, hajatimiza miaka 21. Mshairi Théophile Gautier aliandika kwamba katika mazishi yake vipepeo wawili weupe walionekana wakiruka juu ya jeneza. Mabaki ya vazi lile lililoungua yamehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Opera ya Paris.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha pande mbili. Wapo wanaokisikia wakaona kwamba Livry alitabiriwa kifo na baleti aliyotungiwa. Mimi ninachokiona ni dawa iliyokuwapo na haikutumiwa. Binti akijua kisa cha Livry kwa namna hii ya pili, atamsikiliza fundi anapomwambia asikaribie taa ya pembeni, na hiyo itamfaa kuliko pini.

Mhadhiri_Saikolojia alijibu:

Mama Imani, swali lako limewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi miongoni mwa watu wa visiwa vya Trobriand, katika Bahari ya Pasifiki, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliona kwamba wavuvi waliovua ndani ya wangwa, mahali salama palipokuwa na samaki wa uhakika, hawakutumia uganga, ilhali waliokwenda bahari kuu, kwenye hatari na mavuno yasiyotabirika, walikuwa na taratibu nyingi za kinga. Mazoezi ya asubuhi ni wangwa, onyesho ni bahari kuu. Mchezaji anaweza kujua miguu yake kwa miaka kumi, lakini hawezi kuamua kama usiku huo sakafu itateleza, kiongozi wa orkestra ataharakisha mdundo, au mwenzake atachelewa kumdaka.

Pini ya nywele ina asili nyingine. Mwaka 1948 mwanasaikolojia B. F. Skinner alichapisha jaribio ambalo njiwa wenye njaa walipewa chakula kila baada ya muda maalumu, bila kujali walichokuwa wakifanya. Baada ya muda, wengi wao walikuwa wamejenga mazoea ya ajabu, mmoja akizunguka, mwingine akitikisa kichwa, kana kwamba tendo hilo ndilo lililoleta chakula. Onyesho la kwanza lilifanikiwa, pini ilikuwapo, vitu viwili vikafungwa pamoja. Hakuna mganga hapo; ni akili inayotafuta chanzo cha jambo jema ili ijirudie.

Je, desturi hizi zinasaidia? Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba watu walioambiwa mpira wao wa gofu una bahati walilenga vizuri zaidi. Mwaka 2014 watafiti wengine walilirudia jaribio hilo kwa watu wengi zaidi na hawakuyapata matokeo hayo. Kwa hiyo nisingemtetea mtu anayetegemea kitu cha bahati. Kuhusu tendo linalorudiwa kwa mpangilio, ushahidi una nguvu kidogo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulichukua watu waliotakiwa kuimba mbele ya wageni; waliofanya kwanza mfululizo mfupi wa matendo yasiyo na maana maalumu, kama kuchora hisia zao, kuunyunyizia mchoro chumvi na kuhesabu hadi tano, walikuwa na wasiwasi mdogo na waliimba kwa usahihi zaidi kuliko wasiofanya lolote. Matendo yaleyale yalipoitwa vitendo ovyo hayakuwa na faida hiyo. Yalipoitwa desturi, yalikuwa nayo. Hapo ndipo ninapomsihi bibi wa mtoto achunge ulimi wake katika wiki hizi, kwa sababu jina tunalolipa tendo la mtoto linaweza kumpokonya utulivu kabla hajapata mwingine wa kuuweka mahali pake.

Kipimo changu ni hiki: muulize nini kitatokea utaratibu ukivunjika. Akijibu kwamba atakosa raha kidogo kisha atacheza, mwachie. Akijibu kwamba ataanguka, au ukiona taratibu zinaongezeka kila onyesho na kumla muda wa kupasha mwili moto, basi hofu imekuwa bwana wake, na inafaa mwalimu wake ahusishwe.

Salim_Mvita alijibu:

Bi Mama Imani, dini zetu ni mbili lakini shaka ya mama yako ninaielewa kwa dhati. Kwetu, Mtume alikataza kuamini ndege mbaya na akapenda fali njema, yaani neno zuri linaloupa moyo nguvu. Nisingeitazama mikono ya mtoto. Ningemtazama anamtegemea nani. Anayevaa kiatu kwa mpangilio kisha akamwomba Mola wake hajamshirikisha na kiatu. Wachezaji wengi wa Urusi hupiga ishara ya msalaba wakiwa pembeni mwa jukwaa kabla ya kutoka, tena mbele ya wenzao wote. Sikubaliani na Mhadhiri kwamba tendo lolote lenye mpangilio latosha, chumvi au karatasi, mradi limeitwa desturi. Kama moyo wa binti unatafuta pa kushikia, kuna dua, na bibi yake ndiye wa kumfundisha. Huenda hilo likawapatanisha wawili hao kuliko hoja zetu.

MamaImani_Nairobi aliandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimemsomea mama majibu haya. Ya mluzi na maua ameyakubali mara moja, na ya viatu ameyakubali baada ya kukishika kimoja (kwa ruhusa ya mwenyewe). Ya Salim yamemgusa, na amesema yeye ndiye atakayekuwa pamoja na mjukuu wake jioni hiyo. Imebaki pini. Nilimuuliza binti swali la Mhadhiri, naye akanyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba hajui, kwa sababu haijawahi kutokea. Dada Zuhura, wewe ungefanya nini?

Zuhura_Berlin alijibu:

Mama Imani, jibu lake ni la kweli, na nisingemlazimisha alipe jingine. Nisingemnyang'anya pini, wala nisingeificha ili kumjaribu; hilo hufanywa na wakubwa wenye nia njema na huacha jeraha. Ningehamisha uzito polepole. Mwombe mwalimu wake ampe dakika 20 za mazoezi ya kushika ubao (ule ufito wa ukutani ambao wachezaji huushika wakijipasha mwili moto), zilezile kila mara: kupinda magoti, kunyoosha mguu, kuzungusha mguu sakafuni, hadi mateke makubwa, akianza na mguu wa kulia kama tunavyoanza sote. Mazoezi hayo hufanywa kwa mpangilio uleule Paris, Saint Petersburg, Havana na Nairobi, na tofauti yake na pini ni kwamba hayapotei kwenye basi, na yakikamilika misuli ina joto. Katika kundi letu iliwahi kutokea mchezaji kuambiwa mchana kwamba usiku atamrithi mwenzake aliyeumia, katika maleba yasiyo yake na bila kitu chake chochote cha bahati karibu. Wote niliowaona katika hali hiyo walikwenda kwanza kwenye ubao.

Pini iendelee kukaa kichwani kwa sasa, pamoja na nyingine nyingi zinazokibana kishungi. Katika mazoezi ya kawaida, siku ambazo hakuna mtazamaji, mwambie ajaribu kucheza bila pini hiyo, kwa hiari yake, aone mwili unavyojibu. Na jozi ya pili ya viatu iwe imeshonwa na kulainishwa wiki moja kabla, imewekwa alama ya kushoto na kulia ndani ya soli. Kwa kushonea tepe, ninyi mlioko mbali na maduka ya vifaa vyetu tumieni uzi wa kusafishia meno usio na ladha. Ni imara kuliko uzi wa cherehani, na hata Ulaya wengi wetu hatutumii mwingine.